Kurasa Nne za Kitabu cha Tano

Fundi Gundi alikuwa ameshona vitabu kwa miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho. Ukitaka kumcheka kwa hilo, panga foleni nyuma ya mkewe, maana yeye ameanza kumcheka tangu siku za uchumba. Jina lenyewe alibandikwa na watoto wa maktaba kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo hata akivaa suti havikukosa ukoko mweupe pembezoni mwa kucha. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya maktaba ya umma, ukishapita vyoo, na dirisha lake lilitazama mahali watu wanapoegesha baiskeli. Ndani mlikuwa na meza ndefu, kibanio cha chuma cha kukandamizia vitabu, sufuria ya gundi na kopo la brashi. Vitabu vililetwa kwake vikiwa hoi, migongo imevunjika na majalada yananing'inia, naye alivirudisha rafuni vikiwa vimesimama wima.

Usidhani kwamba hakuwa na maoni juu ya vitabu. Alikuwa nayo tele, ila aliyapata kwa njia yake mwenyewe. Kitabu kinachochosha, alisema, huchafuka mpaka ukurasa wa ishirini, halafu kinakuwa safi kama siku kilipotoka kiwandani. Cha mapishi kurasa zake hushikamana. Cha mapenzi hufunguka chenyewe mahali pamoja, na mahali penyewe tusipataje. Na vile vya watoto, vya safari na maajabu, vya watu kufukuzana kutoka jalada hadi jalada, huchanika pembe ya chini upande wa kulia, kwa sababu mtoto anafunua ukurasa kabla hajaumaliza. Ukimpa kitabu angekipapasa huku macho yake yakitazama dirishani, kisha akakwambia kimepita mikononi mwa watu wangapi na wamekiacha wapi, na mara nyingi hakukosea.

Mkutubi mkuu, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, hakuwa na imani sana na elimu hiyo ya vidole. Yeye alikuwa na Daftari la Maoni. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa kamba kwenye meza ya kurudishia vitabu, na sheria ilikuwa kwamba msomaji wa chini ya miaka kumi na minne harudishi kitabu cha hadithi mpaka aandike amekionaje, na tarehe aweke. Mtu aliruhusiwa kuandika sentensi moja au kurasa tatu. Aliruhusiwa kulaumu, mradi awe na adabu. Aliruhusiwa hata kubadili maoni baadaye, ila yale ya kwanza hayafutwi. Kitu ambacho hakikukubaliwa ni kusifu kivivu. Ukiandika "Kizuri sana", mkutubi anakurudishia kalamu na kukuuliza, "Kizuri kwa nani?"

Mwaka huo Daftari lilijaa habari za mfululizo mmoja tu, vitabu saba vilivyoitwa Matarishi wa Mto wa Chini. Ni hadithi ya watoto wanaopeleka barua katika mji uliojengwa chini ya ardhi, kwenye giza, wakiwa wamepanda makambare wakubwa kama mabasi, huku Malkia wa Chumvi akiwawinda usiku na mchana. Kiongozi wao ni msichana aitwaye Tarishi Mdogo, na anayewaangazia njia ni nungunungu mzee, ambaye akichomoa mwiba mmoja mgongoni mwake unawaka kama taa. "Kitabu cha kwanza kina mbio mno," aliandika mtoto mmoja, "nilisahau maharage jikoni na sufuria imetupwa." Mwingine aliandika, "Cha pili wanapigana ukurasa wa 8, 15, 23, 31 na 40. Nimehesabu. Wanakula saa ngapi?" Mwingine tena: "Tarishi Mdogo anamshinda kila mtu. Ningempenda zaidi kama angeshindwa kidogo." Na mmoja, kwa mwandiko wa harakaharaka: "Baba anasema ni upuuzi mtupu lakini juzi nimekikuta kabatini kwake."

Maoni marefu na makali kuliko yote yalikuwa ya mjukuu wa Fundi Gundi. Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na bibi yake alimpachika jina la Kereng'ende kwa kuwa tangu ajue kutembea hajawahi kutua mahali. Alisoma akiwa amesimama, alisoma akining'inia kichwa chini kwenye kiti, alisoma akitembea barabarani mpaka wenye baiskeli wakamfahamu. Kila siku baada ya shule alikuja maktaba kumngojea mama yake, ambaye alifanya kazi kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara na hakutoka mpaka jioni. Vitabu vyote saba alikuwa amevimaliza kitambo, na vingine amevirudia.

Akichoka kusoma, alikwenda kwa babu yake nyuma. Hapo ndipo alipotulia, na bibi alikuwa haamini mpaka alipokuja kushuhudia kwa macho yake. Babu alimfundisha kupika gundi ya unga wa ngano, kuitia shabu kidogo ili wadudu wasiile, kuipaka kwa brashi kutoka katikati kwenda nje, na kulaza karatasi kwa kipande cha mfupa kilicholainishwa. Gundi ya dukani ilikuwa marufuku chumbani humo. Ile ikishakauka imeshakauka, haitoki, na fundi atakayekuja baada yako atakulaani. Gundi ya unga ukiilowesha taratibu inaachia.

"Mama," alimwambia, maana akimpenda zaidi ya kawaida alimwita hivyo, "kitabu usikifanyie jambo lisilofunguka."

Sasa, mwaka huohuo, Fundi Gundi alianza kuishiwa pumzi. Mwanzoni alisingizia umri, halafu akasingizia vumbi. Mkewe alipomburura mpaka hospitali, daktari alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, wakampiga picha, wakamweleza kwamba kilango kimoja cha moyo wake hakifungi sawasawa na kitazidi kulegea. Ilibidi apasuliwe. Walimpa barua yenye tarehe: Jumatatu moja, mwezi mmoja mbele, saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo asiinue kitu kizito, asikaze kibanio, asipande ngazi kwa haraka. "Wengi wanarudi nyumbani salama," daktari alisema. Alikuwa daktari mwema na alisema kweli. Lakini Fundi Gundi alitoka pale akiwa ameshika neno moja tu, hilo la "wengi", na aliligeuzageuza njia nzima.

Mkewe alijua na binti yake alijua. Kereng'ende hakutakiwa kujua. Hapo mzee alisimama kidete, akawalisha kiapo wote wawili mezani, chai ikipoa. Mtoto aliambiwa kwamba Babu anaumwa mgongo, na kwamba Jumatatu hiyo atasafiri wiki tatu kwenda kukarabati vitabu vya shule moja ya mbali.

"Utamdanganya mtoto anayesoma vitabu viwili kwa siku?" mkewe alimuuliza.

"Simdanganyi. Namwepushia."

"Haya," alisema mkewe, shingo upande, na akainuka kuipasha chai moto.

Ukweli ni kwamba mzee alimpenda yule mtoto kupita kiasi na hakuweza kuvumilia wazo la kuyaona macho yake akiambiwa. Na zaidi ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Hakuwa amemwambia mtu. Mtu aliyezoea kurekebisha vya wenzake hajui aanzie wapi kusema kwamba yeye ndiye aliyepasuka.

Kwa vile hakuruhusiwa kazi nzito, alishinda amekaa kwenye kiti, mikono magotini. Kereng'ende alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akamwekea mapajani kitabu cha kwanza cha Matarishi.

"Kama mgongo unauma, soma. Kusoma hakutumii mgongo."

"Mimi hivi navijua kwa nje."

"Sasa utavijua kwa ndani."

Akaanza, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Alisoma kama anavyoshona, tundu baada ya tundu. Mjukuu alikuwa akipita kila baada ya robo saa kama mkaguzi.

"Umefika wapi, Babu?"

"Ukurasa wa kumi na nne."

"Tangu jana?"

"Nilirudi wa tisa. Mshono wake umelegea, nikaukaza."

Lakini siku ya nne mambo yalibadilika. Bibi alipomwita chakulani aliitikia "nakuja" mara tatu na hakuja, na mkewe alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Miaka yote hii," alisema, "barua za mama yangu nimekusomea mimi." Mzee hakusikia. Tarishi Mdogo alikuwa amening'inia kwenye masharubu ya kambare, na chini yake maji ya chumvi yalikuwa yanachemka.

Baada ya hapo yeye na Kereng'ende waligombana kila alasiri, ugomvi mtamu ambao hata mkutubi alikuwa akija kusimama karibu na mlango kuusikiliza, akijifanya anatafuta faili.

"Hawa watoto hawana wazazi?" mzee aliuliza.

"Wangekuwa na wazazi wangeruhusiwa kwenda?"

"Na mwandishi huyu hapumziki. Kila nikitaka kukiweka chini, mtu anatumbukia shimoni."

"Ndiyo maana ni kizuri."

"Ndiyo maana pembe zinachanika."

Aliyempendeza hasa ni nungunungu. Wengine wote walikuwa mbio tu, lakini yule mzee alisimama kila baada ya kona, akasema anakagua kuta, akatoa ushauri mmoja wa maana, wakaendelea. Kereng'ende alimlazimisha aandike maoni yake kwenye Daftari, ingawa mkutubi alikumbusha kwamba bwana huyu amevuka miaka kumi na minne. Fundi Gundi alishika kalamu kama anashika sindano na kuandika: "Kitabu cha 1. Mbio nyingi. Yule nungunungu mzee ana akili." Kereng'ende aliyasoma akacheka, kisha akaufuata mstari ule kwa kidole.

Kitabu cha pili kilimchukua siku tano, cha tatu siku nne. Cha nne alikimaliza kwa siku mbili na kulala vibaya. Alipodai cha tano, hakukipata. Kereng'ende alisema amekisahau nyumbani, kesho yake akasema amekisahau tena, na siku ya tatu akakileta akamkabidhi bila kumtazama usoni. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu kabla ya ile Jumatatu.

Mzee alisoma kwa raha zake mpaka ukurasa wa mia moja arobaini na moja. Hapo matarishi walikuwa wamejibanza pangoni, kiza totoro, jeshi la Malkia linakaribia, na nungunungu amejiegemeza ukutani na miiba yake michache iliyobaki. Akafunua. Tarishi Mdogo na wenzake walikuwa ng'ambo ya mto, salama salimini, wanalia.

"Mbona wanalia?" aliuliza.

Kereng'ende alikuwa anafagia vipande vya uzi chini ya meza. "Wamechoka, Babu. Si umesema wewe kwamba kitabu kina mbio sana?"

"Na mzee wetu yuko wapi?"

"Atakuja mbele huko."

Hakuja. Mzee alimaliza kitabu akiwa na kinyongo, akaomba cha sita, akajibiwa kwamba kimeazimwa. Kesho yake kimeazimwa, keshokutwa kimeazimwa. Siku ya Alhamisi, akitafuta atlasi iliyochanika jalada, alikuta kitabu cha sita kimelala nyuma ya atlasi zote, kimefunikwa na gazeti. Alikiacha hapohapo. Alirudi kwenye kiti chake, akachukua tena kile cha tano, na safari hii hakukisoma. Alikipapasa, macho dirishani.

Kidole gumba kilisimama chenyewe. Karatasi moja ilikuwa nene kuliko wenzake. Upande wake mmoja uliandikwa 141 na wa pili 146, na mtu aliyeshika karatasi miaka thelathini na mmoja alikuwa ameupita kama kipofu kwa sababu alikuwa na haraka ya kujua yatakayotokea. Hilo lilimuuma kidogo. Karatasi tatu zilikuwa zimebandikwa pamoja, na zilibandikwa vizuri. Hazina kikunyanzi wala doa, kingo zote zimelingana. Aliinua kitabu mpaka puani. Unga wa ngano, na shabu kidogo. Duniani kulikuwa na watu wawili tu waliobandika hivyo, na mmoja wao alikuwa yeye.

Ijumaa, Kereng'ende akiwa bado shuleni, aliloweka vipande vya karatasi ya kukaushia, akavikamua, akavilaza juu ya ukurasa na kungoja. Ilimchukua muda wa saa mbili. Karatasi ziliachana taratibu bila kuchanika hata uzi mmoja, akazianika, na zilipokauka akavuta kiti karibu na dirisha akasoma kurasa nne alizofichwa.

Nungunungu alikuwa amebakiwa na mwiba mmoja. Alijua, siku nyingi alijua, kwa sababu nungunungu aliyemaliza miiba haishi. Tarishi Mdogo hakujua. Alikaa naye pale pangoni akimpigia porojo za mashindano ya makambare, nani alimpita nani kwenye kona, na yule mzee aliitikia, "Ehe, halafu?" Kisha akasema anasimama kidogo kukagua ukuta, akaenda mpaka kwenye mdomo wa pango, akauchomoa ule mwiba. Mwanga wake ulilipofua jeshi zima na watoto wakavuka. Walipogeuka kumwita, hakukuwa na wa kuitikia.

Fundi Gundi aliweka kitabu mapajani. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe, akiishiwa pumzi njiani, husimama na kusema anaangalia baiskeli ile ina breki za aina gani. Alikumbuka ni mara ngapi Kereng'ende amesimama naye kuangalia breki.

Mtoto alijua, basi. Lakini alijuaje? Alimfikiria mkewe, akamfikiria binti yake, na wote wawili aliwaona wamebana midomo. Ndipo akaona rafuni lile boksi la viatu ambalo ndani yake, kwa miaka yote hiyo, alikuwa akitupia vitu ambavyo wasomaji huvisahau vitabuni: tiketi, risiti, picha za pasipoti, barua za siri za watu wazima. Alikuwa na hotuba yake kabisa juu ya watu wanaoalamisha kurasa kwa mambo yao ya ndani. Na yeye, msomaji mchanga wa wiki nne, asiye na mazoea, akisoma kitabu cha tatu alikuwa ameshika mahali kwa karatasi ya kwanza iliyotoka mfukoni. Aliikuta kesho yake palepale, ukurasa wa themanini na nane, imekunjwa vilevile. Ilikuwa barua ya hospitali. Kati ya siku hizo mbili kitabu kilikuwa kimeshinda mikononi mwa Kereng'ende, aliyekichukua kutafuta ramani ya kumwonyesha babu yake.

Aliinuka, akaenda mpaka meza ya mbele, akafungua Daftari. Alitafuta kidole chini ya mstari. Maoni ya kwanza ya mjukuu wake juu ya kitabu cha tano yalikuwa ya miezi mitano nyuma: "Hiki ndicho bora kuliko vyote. Nililia mpaka nikafurahi. Nungunungu ni shujaa kwa sababu hakumsumbua mtu." Alifunua mbele, akafunua tena. Mwandiko ulikuwa uleule, na tarehe ilikuwa siku moja baada ya ile barua kulala kitabuni:

"Kitabu cha tano. Nimebadili maoni. Nungunungu si shujaa. Alijua kwamba ule ni mwiba wa mwisho na akanyamaza, na Tarishi Mdogo akapoteza muda wote kumweleza habari za makambare. Kama angejua angemweleza mambo mengine."

Mkutubi alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alivua miwani, akaiacha ining'inie. Fundi Gundi alifunga Daftari, akaenda chooni, akafungulia bomba na kukaa humo mpaka uso wake uliporudi kuwa uso.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kereng'ende alikuja asubuhi, akaamkia, akavua mkoba, na kabla hajautundika aliona kitabu kiko wazi mezani, ukurasa wa mia moja arobaini na mbili. Alisimama tuli.

"Shikamoo nimeshaipokea," mzee alisema. "Kaa, Mama."

Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Kazi yako nzuri," alimwambia. "Nilichukua saa mbili kuifungua. Kingo umezilaza vizuri kuliko mimi."

"Umekasirika?"

"Hapana. Nataka kujua tu. Kwa nini uliniwekea gundi?"

Mtoto alikuwa anakwaruza meza kwa ukucha. "Kwa sababu unampenda yule nungunungu. Nikaona ukifika hapo utaogopa, na daktari... na mtu mwenye mgongo haifai kuogopeshwa." Akaacha kukwaruza. "Siyo mgongo, Babu. Najua siyo mgongo."

"Siyo mgongo," mzee alikubali.

Akamweleza. Hakujua kusema kwa mpango, kwa hiyo alichukua kitabu kisicho na jalada, akamwonyesha mahali ambapo mshono umelegea na karatasi zinacheza, akasema moyoni mwake mko hivyo, kilango hakifungi, na wataingia kukirekebisha. Alimtajia Jumatatu. Alimwambia hakuna safari wala shule ya mbali, na kwamba hilo alilitunga yeye, asiwalaumu bibi wala mama yake.

"Utakufa?"

Alikuwa ametayarisha majibu matano usiku kucha na yote yakampotea. "Sijui," alisema. "Daktari anasema wengi wanarudi. Mimi nataka kuwa kati ya hao wengi. Lakini nikikwambia najua, nitakuwa nimekubandikia tena."

"Unaogopa?"

"Sana. Hata bibi yako sijamwambia."

Kereng'ende akashuka kitini, akaja akamkumbatia kwa nguvu, halafu akakumbuka kifua, akalegeza. Akalia bila sauti, na mzee naye akalia, na hakuna aliyejifanya anaangalia baiskeli. Mkutubi alipita mlangoni akitafuta lile faili lake, akarudi alikotoka.

Walipotulia, mtoto alifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilikuwa nakusimulia habari za makambare tu," alisema. "Wiki mbili nzima. Nilitaka kukwambia mambo mengine nikaogopa utaniuliza nimeambiwa na nani."

"Mambo gani?"

"Mengi. Kwamba darasani nikiulizwa nitakuwa nani huwa nasema fundi vitabu, na wananicheka, na siwajali. Kwamba ile atlasi iliyopotea niliiangusha mimi kwenye maji. Kwamba ukisoma ukiwa unachezesha midomo mimi huwa natamani usimalize." Alivuta pumzi. "Mengine sijayapanga bado."

"Atlasi nilijua," alisema mzee. "Hayo mengine sikuyajua. Nashukuru."

Akashika mkono wake mdogo, wenye ukoko mweupe pembezoni mwa kucha, akakaa nao. Nje mtu alikuwa anahangaika na kufuli la baiskeli. Walimsikiliza mpaka akafaulu.

"Jumatatu wanakuchukua saa ngapi?" Kereng'ende aliuliza.

"Saa mbili."

"Basi nitakuja saa moja. Shule nitachelewa, mama ataandika barua."

Mwezi mzima Fundi Gundi alikuwa amepanga kuingia hospitali kimyakimya, pasiwe na mtu wa kumwangalia akiondoka. Alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa bado anahesabu vidoleni mambo ambayo hajamwambia.

"Saa moja ni kuchelewa," alisema. "Milango wanafungua saa kumi na mbili. Njoo saa kumi na mbili."